Alihesabiwa Mara Tatu

Kila tarehe 5 ya mwezi, kila kituo cha afya nchini Kenya kinafaa kiwe kimeshajua kilifanya nini mwezi uliopita. Si kujua hivi hivi, kwa kichwa. Kujua kwa nambari: watoto wangapi wa chini ya miaka mitano waliletwa na malaria, wangapi wakihara, wajawazito wangapi walikuja kliniki kwa mara ya kwanza na wangapi walifika mara ya nne, chanjo ngapi za surua zilidungwa, wangapi walijifungua, wangapi hawakutoka. Nambari hizo zinajazwa kwenye fomu za Wizara ya Afya, zinapelekwa ofisi ya kaunti ndogo, na kufikia tarehe 15 zinafaa ziwe zimeingizwa kwenye mfumo wa kitaifa unaoitwa KHIS. Dispensari ya vyumba viwili kule Turkana na hospitali kubwa ya Nairobi zote zinakimbizwa na tarehe hiyo moja.

Mimi nilijua haya kwa sababu ya karo. Nilitoka chuo mwaka wa pili, na katikati ya 2022, nikiwa bado sijaanza kulipwa kwa kuandika, nikapata kibarua kwenye kituo cha afya cha serikali upande wa Eastlands. Sitakitaja. Walitaka mtu mwenye mwandiko unaosomeka na asiyechoka haraka. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na rejista za wagonjwa, zile kubwa ambazo ukizifungua zinafunika meza yote, na kuhesabu. Unapita mstari kwa mstari. Ukiona mtoto wa miaka mitatu, nimonia, unapiga kijiti kimoja kwenye karatasi ya kuhesabia. Vijiti vinne, cha tano kinavikata kwa mshazari. Siku ikiisha mgongo unauma na mwezi mzima wa mtaa umegeuka vijiti.

Bosi wangu alikuwa afisa wa rekodi, mama wa miaka hamsini hivi ambaye kila mtu alimwita Madam, hata daktari. Watu hudhani kazi ya mtu wa rekodi ni kutafuta faili na kukuambia imepotea. Kumbe ni taaluma, na tangu 2016 ina sheria yake, na usajili wake. Madam alikuwa peke yake kwenye kituo kizima, na fomu zilikuwa nyingi. Kuna ya wagonjwa wa chini ya miaka mitano, kuna ya wale wa zaidi ya miaka mitano, kuna ya chanjo, kuna ya uzazi, kuna ya maradhi ya mlipuko ambayo hiyo haingoji mwezi, inatakiwa kila wiki. Ofisi yake ilikuwa na dirisha moja, kompyuta moja, na kalenda ya duka la kuuza dawa ambayo alikuwa amezungushia tarehe 5 na wino mwekundu kila mwezi hadi Desemba.

Somo la kwanza alilonifundisha lilikuwa la nafasi tupu. "Kijana wangu," aliniambia siku ya kwanza, akigonga karatasi na kalamu, "usiniachie tundu hapa. Kama hakuna, andika sifuri."

Nilidhani ni unadhifu tu. Haikuwa hivyo. Sifuri ni jibu: tumeangalia, hatukumpata hata mmoja. Nafasi tupu inaweza kuwa chochote. Labda hakuna aliyeugua. Labda nesi wa chumba kile alikuwa likizo. Labda ukurasa ulimwagikiwa chai. Mtu wa Afya House pale Cathedral Road anaangalia skrini yake na kwake tundu ni tundu. Na mfumo wenyewe hauna huruma sana na suala hili. KHIS imejengwa juu ya programu ya DHIS2, ambayo mizizi yake ni Afrika Kusini ya baada ya ubaguzi wa rangi na ambayo leo inasimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka wa 2011. Sasa, programu hiyo usipoiagiza waziwazi ihifadhi sifuri za kipengele fulani, haizihifadhi. Yaani mtu aliyekesha akihesabu hadi akapata sifuri, na mtu aliyeruka mstari kwa sababu mat ya mwisho inaondoka, wanaweza kufanana kabisa.

Madam alijua hilo na bado alitaka sifuri ziandikwe. "Karatasi itabaki," alisema.

Kitu kingine nilichokijua haraka ni venye hofu imegawanywa. Ripoti ikichelewa, simu inalia. Kaunti ndogo inapimwa kwa asilimia ya vituo vilivyotuma, na vilivyotuma kwa wakati, kwa hivyo tarehe 6 asubuhi kuna mtu anataka kujua uko wapi. Lakini ukituma kwa wakati ripoti yenye upuuzi ndani, unaweza kukaa miezi bila mtu kukuuliza. Siseme hakuna ukaguzi. Uko, na Madam alikuwa ameupitia mara kadhaa, wakija na rejista zikifunguliwa na vijiti vikihesabiwa upya. Lakini ukaguzi huja mara chache na tarehe 5 huja kila mwezi.

Halafu kulikuwa na chumba cha mwisho wa korido. Huko ndiko watu walikuja kuchukua dawa za HIV, na huko kulikuwa na kompyuta mbili mpya, betri ya kushika stima ikipotea, na jamaa wawili walioajiriwa na mradi kwa kazi moja tu, data. Faili zao zilikuwa safi. Mgonjwa akikosa kuja siku yake, kufikia kesho yake kuna mtu anampigia. Pesa zilitoka Marekani, na Marekani ilitaka kujua kila kidonge kimeenda wapi. Hatua ishirini kutoka hapo, chumba cha kujifungulia kilikuwa na rejista moja yenye gundi mgongoni na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isitembee. Sikuwahi kuona mtu yeyote akipanga iwe hivyo. Ni kwamba mwenye kulipa ndiye huuliza, na swali lake ndilo hujibiwa vizuri. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wa data kama wale jamaa wawili walikuwa kati ya wa kwanza kuambiwa waende nyumbani. Nilisoma habari hizo kwenye simu nikiwa nimekaa, nikafikiria zile kompyuta mbili.

Rejista ya chumba cha kujifungulia ndiyo iliyonifundisha mengi. Kwa mfano, mtoto akizaliwa amekufa, kuna safu mbili za kumweka. Moja ni ya mtoto aliyefia tumboni kitambo, ngozi imeshaanza kubabuka. Nyingine ni ya aliyekufa punde, ambaye pengine alikuwa hai mama alipoingia mlangoni na uchungu. Ukitazama haraka ni safu mbili za huzuni ile ile. Lakini ya kwanza inasema tatizo lilitoka nyumbani, au kliniki, au kwa Mungu. Ya pili inauliza: saa hizo nyinyi mlikuwa wapi? Nesi ambaye yuko peke yake usiku na wanawake wanne, saa kumi alfajiri, ameshika kalamu. Hiyo safu ya pili ni kama kujiandikia barua ya kujieleza. Sijui niseme nini zaidi, ila kwamba fomu imemwomba mtu aliyechoka ajishtaki mwenyewe, kisha nchi nzima inategemea uaminifu wake.

Jirani yetu wa mlango wa tatu alijifungua kwenye kituo hicho usiku mmoja wa Agosti, mtaa bado umejaa mabango ya uchaguzi. Mtoto wa tatu, msichana, kilo tatu na kidogo. Mambo yalienda vizuri hadi saa nane usiku alipoanza kutokwa na damu ambayo haikuacha. Nesi alimdunga alichokuwa nacho, akamkanda tumbo, akaita ambulensi. Kituo cha afya cha kiwango kile hakiweki damu. Damu iko hospitalini. Ambulensi ilisema inakuja. Baada ya dakika arobaini mumewe alitoka nje akasimamisha Probox iliyokuwa ikienda kuchukua maziwa, wakamlaza kiti cha nyuma, nesi akawapa barua ya rufaa. Alikufa mahali fulani Jogoo Road. Mumewe hajui ni wapi hasa kwa sababu muda mwingi alikuwa akiangalia mbele, akimwomba dereva akate taa nyekundu.

Mtaani tulichanga, tukamsindikiza hadi Kitui, tukarudi.

Mwisho wa mwezi, nikiwa kwenye rejista ya kujifungua, nikafika kwenye mstari wake. Umri 29. Njia ya kujifungua: kawaida. Mtoto: hai. Hali ya mama: hai. Na pembeni, kwa mwandiko wa haraka, amepewa rufaa. Hakukuwa na uongo wowote. Kila neno lilikuwa kweli saa lilipoandikwa. Kwa hivyo kwenye ripoti ya mwezi ule alikuwa anastahili vijiti vitatu: kujifungua kwa kawaida, moja, mtoto hai, moja, rufaa iliyotolewa, moja. Angehesabiwa mara tatu, na mara zote tatu angekuwa habari njema.

Nilimwita Madam.

"Madam, huyu alikufa."

"Alifia hapa?"

"Njiani."

Akavua miwani, akasoma mstari, akaurudia. "Basi mahali pake hapapo."

Kisheria na kwa miongozo, Kenya haichezi na kifo cha mama, angalau kwenye karatasi. Mwanamke akifa akiwa mjamzito, au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kuisha, kwa sababu inayohusiana na ujauzito huo, kituo kinatakiwa kuripoti ndani ya saa 24. Ndani ya siku saba kamati inakaa, inafungua faili, inauliza nini kilichelewa. Si mahakama. Lengo lake ni kwamba mwanamke wa wiki ijayo asipate ambulensi ile ile ya kesho. Lakini ili saa 24 zianze kuhesabiwa, lazima kuwe na mtu anayesema: huyu ni wetu.

Madam alimwendea msimamizi wa kituo. Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema, "Alitoka hapa akipumua." Madam akapiga simu ile hospitali kubwa, akampata mwenzake wa rekodi, wakaongea kama watu waliosoma pamoja, kumbe ndivyo. Nilikuwa nimekaa hapo. Jamaa alitafuta, akarudi kwenye simu, akasema hakuna jina kama hilo kwenye rejista ya wodi ya kina mama. Hakulazwa. Aliingia na kwenda mochari moja kwa moja, na rejista ya mochari si rejista ya wodi. "Huyo ni wenu," alisema. Madam akacheka kicheko kifupi ambacho hakikuwa na furaha, akamshukuru, akakata.

Cha kushangaza, serikali ile ile ilikuwa inajua amekufa. Mumewe alipewa kibali cha mazishi, na upande wa vyeti jina lake lilikuwa limeshaingia kati ya wafu. Ni Wizara ya Afya tu ambayo kwake alikuwa mama salama aliyejifungua kawaida. Madaftari mawili ya nchi moja, na hayakuwa yakisalimiana.

Baadaye, nikiwa nimeshaondoka pale, nilitafuta kujua kama hii ilikuwa bahati mbaya ya kituo kimoja. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikadiria kwamba Kenya inapoteza akina mama 362 kwa kila watoto laki moja wanaozaliwa hai. Piga hesabu na watoto kama milioni moja na nusu wanaozaliwa kwa mwaka, unapata zaidi ya wanawake elfu tano. Vituo vyenyewe, kwa mwaka huo wa 2014, viliripoti kwenye mfumo vifo visivyofika elfu moja. Wengine walikuwa wapi? Nyumbani, wengi wao. Na wengine, naamini, Jogoo Road.

Kuna kitu kizuri kilifanyika na wale walioripotiwa. Mwaka wa 2017 ilitoka ripoti ya kwanza ya Kenya ya kuchunguza vifo hivyo faragha: wataalamu walichukua faili za wanawake 484 waliofariki 2014, zikiwa zimeondolewa majina ya wagonjwa na ya wahudumu, wakazisoma moja moja. Kilichoongoza kwa kuua kilikuwa kutokwa na damu. Na katika zaidi ya tisa kati ya kila wanawake kumi, huduma ilikuwa na kasoro ambayo, ingekuwa tofauti, pengine matokeo yangekuwa tofauti. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Haikuandikwa na wanaharakati. Iliandikwa na wataalamu wa afya wakiwahukumu wenzao, na iliwezekana kwa sababu mtu fulani, kwenye wodi fulani, usiku, alijaza fomu ambayo ingemletea shida.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema ati hizi ripoti ni makaratasi tu ya kufurahisha wafadhili. Nimeziona zikiwa makaratasi, ndiyo. Lakini bila hizo mwanamke anakufa na hata lawama haina pa kukaa. Migomo ilituonyesha. Madaktari waligoma siku mia moja kuanzia Desemba 2016, kisha wauguzi wakaanza wao Juni 2017 wakaenda hadi Novemba. Ukifungua takwimu za miezi kama hiyo unaona nambari za vituo vya umma zikianguka, na nambari zenyewe haziwezi kukuambia ni nini kilipungua, ugonjwa au mtu wa kuuandika. Watu hawakuacha kuugua. Waliugua bila shahidi.

Na corona je? Kizazi chetu kilikutana na ripoti za hospitali kwa mara ya kwanza 2020, jioni, kwenye runinga, Waziri Mutahi Kagwe akisoma: waliopimwa, waliopatikana, waliopona, waliofariki, kaunti kwa kaunti. Mathe wangu alikuwa akipunguza sufuria moto ili asikie kaunti yetu. Fikiria mama wa nyumbani anasubiri takwimu kama matokeo ya mechi. Ilikuwa mara ya kwanza nambari zinarudi kwa wenyewe. Siku zote huwa zinapanda tu: kituo, kaunti ndogo, kaunti, Afya House, kisha Geneva au Washington. Kushuka ni nadra.

Sasa kuna jambo lingine ambalo lazima nilitenganishe na hili, kwa sababu wanaotutawala hupenda kuyachanganya. Kuhesabu watu ni kitu kimoja. Kukusanya majina yao ni kitu kingine.

Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye orodha za watoto wa shule wanaoishi na HIV, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha walio na virusi. Si idadi. Orodha, na majina. Nia, walisema, ni kupanga huduma. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile lilivunja haki ya faragha, na majina yasiwekwe kwa namna ya kumwunganisha mtu na hali yake. Waulize watu waliokuwa kwenye shule hizo kama wangependa mwalimu mkuu awe na karatasi hiyo kwenye droo yake.

Mimi mwenyewe, kibarua wa kulipwa kwa siku, nilisoma majina ya mtaa mzima. Nani ana kisonono. Nani alikuja na majeraha Jumapili usiku akasema alianguka. Hakuna aliyeniwekea karatasi ya kutia saini kwamba nitanyamaza, na Sheria ya Kulinda Data ilikuwepo tangu 2019. Nilinyamaza kwa sababu nililelewa hivyo, na hiyo si mfumo. Hiyo ni bahati ya majirani zangu.

Siku hizi mambo yanahamia kwenye kompyuta kwa kasi. Oktoba 2023 Rais Ruto alitia saini Sheria ya Afya ya Kidijitali, ambayo inaitaja data ya afya kama rasilimali ya kimkakati ya taifa. Rasilimali. Kama titanium ya Kwale. Na kweli, Desemba 2025 Kenya iliposaini mkataba wa afya wa miaka mitano na Marekani, kilichowasha moto mitandaoni hakikuwa pesa, kilikuwa data, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu hiyo ya kupeana data. Nilifurahi, lakini nilikumbuka pia kwamba swali tulilokuwa tukiliuliza, nani ataona jina langu, ni la watu ambao majina yao yaliandikwa.

Jirani wa mlango wa tatu mwishowe alihesabiwa. Si na kituo na si na hospitali. Alihesabiwa na mhudumu wa afya wa mtaa, mama mmoja anayeuza mboga kwenye geti la ploti yetu, ambaye wakati huo alikuwa bado wa kujitolea. Zile simu na mikoba ambayo serikali ilizindulia wahudumu laki moja pale Uhuru Park Septemba 2023 zilikuwa hazijafika. Yeye alikuwa na kitabu cha kaya kilichovalishwa gazeti, na kila baada ya muda alipita mlango kwa mlango: mko wangapi, mtoto amechanjwa, maji mnachemsha? Alipofika mlango wa tatu aliandika alichokikuta. Kwenye fomu yake kulikuwa na mstari wa vifo vya akina mama, akaweka moja.

Fomu za wahudumu wa mtaa zina kitu ambacho za hospitali hazina. Sehemu ya utaratibu wao ni ubao, ubao kabisa wa kuandika kwa chaki, ambao muhtasari wa mtaa unaandikwa ili watu wauone na kuuongelea kwenye baraza. Kaya ngapi, vyoo vingapi, watoto wangapi hawajamaliza chanjo, vifo vingapi. Wa kwetu ulikuwa kwenye ukuta wa nje wa kituo, upande wa bomba la maji. Septemba hiyo, kwenye mstari wa akina mama, paliandikwa 1.

Madam aliuona akiingia kazini. Alisimama hapo na mkoba wake, akaniita. Niliona amefurahi kidogo, kisha nikaona furaha inamtoka, kwa sababu alikuwa anaifuata ile nambari kichwani mwake inavyopanda. Imetoka kwenye ripoti ya jamii. Itaingia kwenye KHIS ikiwa kifo cha jamii. Mtu akiitazama Afya House ataona mwanamke aliyefia mtaani, mbali na mkono wa nesi, na dawa yake itakuwa ni kuhamasisha akina mama wajifungulie hospitalini. Hakuna kamati itakayouliza kuhusu damu, wala kuhusu dakika arobaini.

Mumewe alikuja wiki hiyo kuleta mtoto chanjo ya wiki sita. Alikuwa amembeba kifuani ndani ya koti, chupa ya maziwa ikitokeza mfukoni. Akasimama mbele ya ubao, akausoma wote taratibu, hata ya vyoo. Mama wa mboga alikuwa hapo akisubiri kupeleka daftari lake ndani.

"Hii moja ni mama watoto?" akamwuliza.

"Ni yeye."

"Lakini hapa mnasema ni ya mtaa. Yeye hakufia mtaani, si unajua? Nilimleta hapa."

"Najua, baba. Fomu yangu haina ya barabarani."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei, akamsogeza mtoto bega la pili na kuingia ndani kupanga foleni. Dirisha la chanjo walimwandika kwenye rejista: msichana, wiki sita. Mwisho wa mwezi nilimpigia kijiti chake.